Jina Langu Likiitwa Uwanjani

Mjukuu wangu ana jina langu. Kwetu binti wa kwanza wa mtoto wako wa kiume ni wewe umezaliwa tena, ndiyo maana hata alipokuwa mtundu sikumchapa. Mtu atajichapa vipi?

Alikulia kwangu, kijijini Gakindu. Kahawa ikiiva alibeba gunia la matunda kutoka bondeni mpaka kiwandani, gunia mgongoni, kamba ya ngozi imekaza kichwani, na bado anaongea njia nzima. Shingo ikanenepa. Wanawake kwenye foleni ya mizani wakaniuliza, "Na huyu ataolewa na nani, trekta?" Nikawaambia hiyo trekta iko na bahati.

Shuleni mwalimu akampa tufe, lile jiwe la chuma la kurusha. Akaliweka pale shingoni, akasukuma, likavuka uwanja likaangukia viazi vya mwalimu mkuu. Tangu hapo hakuliacha. Upande wetu hakuna mwanamke aliyekuwa amelifikisha Olimpiki.

Siku ya kuchagua timu nilienda Nyeri mjini kumtazama, nimevaa nguo za kanisa. Mara mbili za kwanza alikanyaga nje ya duara, bendera nyekundu ikapanda. Akabakiwa na moja tu. Akikosa, anarudi kwa kahawa.

Spika ikaita jina langu. Nikasimama, nikajibu kwa ile sauti ya kuita ng'ombe, "Niko hapa!" Watu wakageuka. Mama aliyeketi kando yangu akanivuta rinda. "Keti, shosho. Si wewe unarusha."

"Ni mimi," nikamwambia.

Mjukuu alikuwa ndani ya duara, mabega yamekauka kama mbao. Aliponisikia akacheka, mabega yakashuka. Akainama vile alivyokuwa akiinama kuinua gunia, akazunguka, akasukuma. Nimeona mlima ukivua mawingu asubuhi, theluji yote nje, nikashindwa kufunga mdomo. Siku hiyo nilishindwa tena. Kitu kizito hivyo, na kilikataa kushuka.

Bendera nyeupe. Wakamchukua.

Jana tulimtazama kwa televisheni, nyumbani kwa binti yangu, mtaa wa Skuta. Huko ng'ambo, mbele ya watu wengi kuliko majani ya kahawa, mtangazaji akaita jina langu, amelivunja kidogo. Watoto wote sebuleni wakanigeukia.

Nikaweka kikombe chini, nikasimama.