Kichimbakazi na Kijana wa Bati kwenye Kiti cha Msusi

Mara ya mwisho ulisoma kitabu mpaka mwisho bila kutishiwa mtihani ilikuwa lini? Usijibu. Wachapishaji wetu wanajua, ndiyo maana wanachapa vitabu ambavyo hakuna anayetamani kuvimaliza.

Mama yangu mdogo ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, feni inayozunguka inapojisikia, na mlango unaotazama barabara. Wateja wanamwita Vidole. Hakusomea uandishi popote, na hiyo ni bahati yake, maana huko wangemweleza kwamba mapenzi kati ya kichimbakazi mwenye mabawa na kijana wa bati anayetembea kwa springi hayana manufaa kwa taifa.

Hiyo ndiyo riwaya yake. Aliitunga akisuka, kila kichwa sura moja. Mteja akikaa, sura inaanza. Rasta ya mwisho ikifungwa, sura imekwisha, hata kama kijana wa bati ananing'inia kwenye jabali kwa kidole kimoja. Anayetaka kujua kama alianguka, arudi. Basi wasichana wa mtaani wakawa wanafumua nywele ambazo hazijamaliza wiki, mama zao wakalalamika weee, wakachoka. Nionyeshe kitabu cha kiada kilichowahi kumfumua mtu nywele.

Mimi nilikaa pembeni, kompyuta magotini, nikichapa kila neno. Mswada ulipokamilika niliupeleka kwa mchapishaji, na juzi mhariri akaja mwenyewe: mtu mzima, suti nzito, upara unaong'aa. Alisimama mlangoni kana kwamba mafuta ya nywele yanaambukiza.

"Kazi nzuri, mama," alisema. "Ila sura ya tatu ina kurasa mbili, ya nne ina arobaini. Mantiki yake nini?"

"Wa tatu alikuwa na nywele fupi," mama mdogo akajibu, mikono ikiendelea na kazi. "Wa nne alitaka rasta ndogondogo mpaka kiunoni. Ningemfupisha kichwa?"

Msichana aliyekuwa kwenye kiti akacheka. "Na huyu baba akija kusuka, Vidole, atapata sura gani?"

"Huyu? Jalada tu."

Mhariri alitabasamu kwa jino moja, kisha akafika kwenye lililomleta: mwisho wa hadithi. Kijana wa bati hulala springi yake ikilegea, na haamki mpaka mtu amtie ufunguo mgongoni. Ufunguo alikuwa nao fundi aliyemuunda, ambaye alimwamsha kwa kazi zake tu. Kichimbakazi anauiba. Angeweza kuuvaa shingoni awe bosi mpya. Badala yake anauweka mkononi mwa kijana mwenyewe, ili kila jioni achague wa kumkabidhi amwamshe kesho. Hapo ndipo kitabu kinapoishia, na hapo ndipo wateja hulia mpaka poda ya usoni inaondoka.

"Kamati yetu inauliza, funzo liko wapi?" alisema mhariri. "Ufunguo urudi kwa fundi. Kichimbakazi awaombe radhi wazazi wake, kisha ajiunge na chuo cha uuguzi."

"Ana mabawa!" nikaropoka.

"Yatamsaidia kuwahi zamu. Kijana, tulia. Mama, nipe jibu kesho mchana. Mwisho ukibadilika, kitabu kinaingia mashuleni. Usipobadilika, hakuna kitabu."

Nadhani kamati hiyo ingepewa jua, ingeomba lipunguzwe mwanga lisiharibu vijana.

Alipoondoka nilianza hotuba. Utu, uhuru, sanaa, vyote nilivitaja. Mama mdogo aliniacha nimalize huku akifagia nywele. Kwenye rafu ya chupa za mafuta alikuwa ameshaacha nafasi tupu, upana wa kitabu kimoja, na haruhusu mtu kuweka hata chanuo hapo.

"Umemaliza, redio?" aliniuliza.

"Usikubali, mama mdogo!"

"Wewe nikikataa utabaki na msimamo wako, mwanangu. Mimi nitabaki na nini?"

Akaegemeza ufagio ukutani. "Sura zote zimepita kichwani mwa mtu kwanza. Hii ya mhariri nayo itapita. Kesho asubuhi namsuka yule karani wa benki, amengoja mwisho tangu zamani. Akinyamaza mpaka rasta ya mwisho, nakubali."

Asubuhi iliyofuata karani alikuja mapema ili awahi kazini. Upande wa kulia ulisukwa vizuri, kijana wa bati akitoroka, kichimbakazi akiiba ufunguo. Kisha sauti ya mama mdogo ikawa kama ya mtu anayesoma tangazo la maji kukatika.

"Akaurudisha kwa fundi. Akawaomba radhi wazazi. Akajiunga na chuo cha uuguzi."

Karani akageuza shingo. "Na nini?"

"Uuguzi."

"Na kijana wa bati?"

"Akaendelea kufanya kazi kwa bidii."

"Vidole, nani kakuroga?"

Akainuka, akatupa taulo, akachukua mkoba, akatoka. Kulia rasta, kushoto rasta chache na nywele zilizosimama kama zimepigwa na umeme. Barabarani mwendesha pikipiki alimgeukia nusura apande ukuta.

"Rudi, mwanangu!" mama mdogo alipiga kelele mlangoni. "Utaingiaje kazini hivyo?"

"Hivi hivi! Wakiniuliza, nitawaonyesha hadithi ilipoharibikia!"

Mama mdogo akatoka mbio, kandambili moja ikabaki kizingitini. Alimkuta katikati ya barabara, gari likipiga honi nyuma yao, akamshika mkono.

"Anampa mwenyewe! Ufunguo anampa mwenyewe, mkononi!"

"Unaapa?"

"Naapa! Twende tusije tukagongwa."

Walirudi wakihema. Karani akakaa, akajifunika taulo. Mama mdogo, bila kunitazama, akasema, "Mwambie mhariri wako hapana." Kisha, kabla ya kuendelea, alizitafuta kwa vidole rasta zote alizosuka tangu ufunguo ulipokwenda kwa fundi, akazifumua moja moja mpaka ya mwisho.