Mgongo wa Milembe

Pale Ipililo ukimtaja Milembe watu wanapunguza sauti. Si kwa ubaya, ni heshima. Huyu mama ndiye mtengeneza dawa ya kuvuta watazamaji wa chama cha ngoma cha Wagika. Kila mwaka pamba ikishavunwa wanashindana na Wagalu, chama cha wapinzani wao, uwanja mmoja, muda ule ule, na atakayejaza watazamaji ndiye mshindi. Miaka tisa mfululizo watu wanamiminikia kwa Milembe kama nzige. Wapo wanaomwita mchawi. Yeye anawajibu, "Mchawi? Mbona kwaya yenu ilikuja kwangu kabla ya Pasaka?"

Sasa dawa yake ina mwiko mmoja: anayeitengeneza haangalii ngoma ya wapinzani. Akiangalia tu, imeharibika. Ndiyo maana miaka yote hiyo alisimama kawapa Wagalu mgongo.

Na kwa Wagalu kuna Mboje, mfugaji aliyefiwa na mke. Akicheza, analirusha jembe juu, anazunguka, analidaka. Milembe hajawahi kuona. Anasikia tu watu wanavyoguna kwa mshangao, na moyo wake unaruka na jembe.

Mwaka huu, siku chache kabla ya mashindano, Mboje akapita kwake na ng'ombe.

"Mwadila, mayu," akamsalimu, kwa heshima ya mama.

"Mwadila. Umekuja kuiba dawa?"

"Nimekuja kuaga. Nahamia Mwanhuzi, malisho hapa yamebana. Jumamosi nacheza mara ya mwisho." Akachora chini kwa fimbo. "Ukigeuka ukaniona hata mara moja, sihami. Natuma washenga kwa kaka zako."

"Nikigeuka wenzangu wanashindwa."

"Najua. Ndiyo maana miaka yote sikukuomba."

Jumamosi uwanja ulifurika. Nyanda, kiongozi wa Wagika, akamsogelea Milembe.

"Mayu, mbona unatetemeka?"

"Upepo."

"Upepo gani, hata vumbi limelala."

Upande wa pili ngoma ikabadilika, watu wakaguna. Milembe akakitazama kibuyu chake cha dawa, akampa Nyanda. "Nishikie."

Akageuka.

Watu hawakuwahi kuona hilo, nao wakageuka, wakaanza kuhamia kwa Wagalu. Nyanda akashika kichwa. Mboje alikuwa ameshalirusha jembe. Likiwa bado juu, macho yake yakakutana na ya Milembe. Jembe likashuka lenyewe, puu, kwenye vumbi, na jamaa kasimama mikono mbele kama anapokea mtoto mchanga.

Jembe likianguka, ngoma imeisha. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, halafu wote wakarudi kwa Wagika. Mwaka wa kumi huo.

Wagalu mpaka leo wanalalamika kwamba dawa yenyewe alikuwa kaificha machoni. Milembe hakatai wala hakubali. Washenga walifika wiki ile ile, na Mboje hakuhama. Jembe lake siku hizi analimia tu. Mashindano yakikaribia, yeye ndiye anayekoka moto wa kuchemshia dawa, na siku yenyewe wanasimama wawili, wote wamewapa Wagalu mgongo. Mboje akichungulia kidogo tu, anafinywa.