Koo la Mama na Desemba Yangu

Nimekuwa daktari wa jeshi miaka thelathini na moja, na nilichokijua kuliko vyote ni kumtambua mtu anayetega, anayejifanya mgonjwa ili akwepe kazi. Askari anakuja saa ya paredi ameshika tumbo, amekunja uso, anaugulia. Namtazama mara moja tu. "Rudi kwenye mstari!" Mara nyingi nilikuwa sahihi, na kusema kweli nililewa sifa. Nilipofika cheo cha kanali nilikuwa nimeshaacha kuwasikiliza watu. Nilikuwa nawapa amri.

Nyumbani kwetu Old Moshi cheo hicho kilikuwa msiba, ila hatukujua. Mama aliacha kuwaamini madaktari wengine wote. Hata akipata mafua, jibu lilikuwa moja: "Mimi nina daktari wangu." Mdogo wangu wa kike, aliyebaki naye kihambani, shamba letu la ukoo, akihangaika na ng'ombe na kahawa, ndiye aliyekuwa akinipigia simu.

Mwezi wa nne alinipigia. "Shikamoo kaka. Mama anasema ndizi zinamkwama. Nimpeleke hospitali?"

"Hospitali ya nini? Atafune vizuri. Hiyo ni asidi tu, mnunulie dawa ya tumbo."

Mwezi wa sita akaniambia mama anakunywa mtori wa ndizi tu, tena mwepesi, na nguo zinampwaya. Nilikuwa naingia kikaoni. Nikamkatiza: "Acheni kunibabaisha na simu! Desemba nakuja, nitampima mwenyewe." Sisi Wachagga kila kitu tunakiwekea Desemba: harusi, kujengea makaburi, ugomvi wa mipaka. Mimi nikaliwekea Desemba koo la mama yangu. Na kwa kuwa daktari wake alishasema, mama akakataa kwenda kokote.

Nilipofika alitoka mlangoni kunipokea. Loo! Sikuhitaji kumpima. Mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza chini ya khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekuja, sasa nitapona." Akawaita majirani waje wamwone kanali wake.

Kesho yake nilimshusha mjini. Daktari aliyemwingiza mpira wa kamera kooni aliwahi kuwa chini yangu kambini. Alinivuta pembeni. "Afande, ni saratani. Imeziba njia ya chakula na imeshafika kwenye ini."

"Angeletwa mwezi wa nne je?"

Akajishughulisha na makaratasi yake.

Tuliporudi nilikwenda kwenye uzio wa kihamba, nikakata jani la isale, nikalipiga fundo kama baba alivyokuwa akifanya. Kwetu, ukimpelekea jani hilo mtu uliyemkosea, hana ruhusa ya kukunyima msamaha. Nilimkuta mdogo wangu bandani akiwakatia ng'ombe migomba. Nikamnyooshea kwa mikono miwili. Nililia jamani, kanali mzima, mbele ya ng'ombe.

Alilitazama lile jani bila kulishika. "Mwezi wa sita nilikuwa nimeshaazima gari, kaka. Lilisimama pale uani, mama ameshapanda. Ukasema Desemba. Akashuka."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Haya, nalipokea. Ingekuwa inaruhusiwa kukataa, ningekataa." Akalichomeka kwenye pindo la khanga na kurudi kwenye migomba yake. "Lakini aliyekusubiri si mimi. Nenda kamwambie mwenyewe."

Nikakata jani la pili. Mama alikuwa ameketi kitandani na gauni lake la kanisani, vifungo vya kifuani ameshavifungua.

"Haya, daktari wangu," akasema. "Wale wa mjini wamenichezea tu. Sasa nipime wewe."

Nikalisukuma jani ndani ya mfuko wa suruali, nikamwekea kifuani kipimo changu cha kusikilizia moyo. Moyo wake ulikuwa unapiga vizuri kabisa. Nikamwambia hilo tu.