Alama Kwenye Mikono ya Dada Yangu

Nina lisansi, yaani shahada ya chuo kikuu, katika historia, na kwa sababu hiyo ukoo wetu huniuliza mambo ya dawa. Sijui desturi hiyo ilianzaje. Nadhani ni miwani. Mtu akiumwa mgongo kule Musienene ananipigia simu Butembo. Nami, badala ya kusema sijui, nauliza maswali mawili matatu kwa sauti ya chini, kisha najibu. Tabia hiyo ilikaribia kumuua dada yangu mdogo.

Aliolewa Beni na seremala, mtu mkimya mwenye mikono mipana. Dada alipokuja Butembo kwa mazishi ya mjomba wetu, alikunja mikono ya blauzi ili aoshe vyombo, tukaziona alama. Zilikuwa kubwa, za rangi ya zambarau, nyingine zimeanza kugeuka manjano, toka kiwiko mpaka bega. Miguuni kulikuwa na vidoa vyekundu vidogo sana, kama vya kuumwa na viroboto. Shangazi yetu akamuuliza amepigwa na nani. Akasema hakuna aliyempiga, zinakuja zenyewe.

Hapo ndipo tulipoamini kwamba amepigwa. Mwanamke anayepigwa hukataa. Sote tulilijua hilo, na mimi zaidi, kwa kuwa wiki chache nyuma nilikuwa nimesoma redioni makala yangu juu ya wanaume wanaopiga wake zao. Makala hayo yalikuwa ya kweli, na bado ni ya kweli. Lakini yalinifanya mtu mwenye jibu kabla ya kuulizwa swali. Kila dada alipokana, nilitikisa kichwa kwa huruma.

Kikao cha ukoo, ambacho sisi Wanande tunakiita kyaghanda, huketi wanaume tu. Shemeji aliitwa toka Beni. Wazee walinipa mimi neno, kwa sababu ya ile lisansi, na Mungu anisamehe, nilisema vizuri. Nilitoa mikono yake ya useremala kama ushahidi. Yeye alijibu kwa sentensi moja: "Mimi hapana mupiga, hata siku moja." Tuliamua dada abaki kwangu, na mume asikanyage Butembo mpaka tutakapomwita. Aliinuka, akachukua kofia yake, akatuaga kwa heshima kama mtu anayetoka msibani.

Kulikuwa na jambo ambalo hatukulijua. Dada alikuwa amemwambia shangazi kwamba hedhi yake haikatiki, sasa wiki ya tatu. Lakini mambo hayo hayasemwi mbele ya wanaume, kwa hiyo shangazi alikaa jikoni akimenya viazi, na sisi uani tukahukumu. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakusema. "Kwa nani?" akanijibu. "Mulikuwa munasema nyinyi."

Nyumbani kwangu dada alitunzwa vizuri mno. Mke wangu alimkanda zile alama kwa maji ya moto na chumvi. Alipolalamika kichwa, nilimpa aspirini asubuhi na jioni, ileile ninayokunywa tangu daktari mmoja alipouhofia moyo wangu. Nilimpimia kwa uangalifu mkubwa. Siku ya sita aliamka na damu kwenye fizi. Kabla ya adhuhuri pua nayo ikaanza kutoka damu, na haikukoma.

Mjini kwetu, tangu ile miaka ya Ebola, mtu akitokwa damu puani barabara inapanuka mbele yake. Mwendesha pikipiki wa kwanza alitutazama, akaondoka. Wa pili alitubeba bila kugeuka nyuma hata mara moja. Hospitalini walimweka dada peke yake nyuma ya uzio wa plastiki mpaka vipimo viseme kwamba siyo. Vilisema siyo. Ndipo daktari, mwanamke wa umri wa binti yangu, alipokuja kuketi nami kwenye benchi akiwa na karatasi ya maabara.

Alisema plakete zimekwisha karibu zote. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Alinitazama kidogo, akaanza kueleza. Plakete ni vipande vidogo sana vinavyotembea ndani ya damu. Mishipa yetu hutoboka kila siku, tukibeba mzigo, tukijigonga mezani, hata tukipiga mswaki, na plakete ndizo zinazofanya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa: zinakimbilia tundu, zinashikana, zinaliziba, na mwenye mwili hana habari. Zikipungua mno, damu inavuja chini ya ngozi bila mtu kupigwa. Zikishikana mahali pasipotakiwa, zinaziba mshipa wa moyo au wa ubongo. Ndiyo maana watu kama mimi tunapewa aspirini, ili izilegeze. Na kwa dada, kinga ya mwili wake mwenyewe ilikuwa imezidhania adui, ikawa inaziua.

"Papa, alikunywa dawa gani?" aliuliza.

Nilimwambia aspirini, kidogo tu.

"Nani alimuandikia?"

"Mimi."

"Uko munganga?"

"Hapana. Historia."

Aliandika kitu kwenye faili. Mpaka leo sijui kama aliandika neno historia.

Dawa ya kuituliza kinga ilikuwapo, lakini ingechukua siku kadhaa, na damu ya puani haikuwa na siku kadhaa za kusubiri. Dada alihitaji damu iliyotolewa wakati uleule, ingali na joto la mwenyewe, kwa sababu ile ya friji plakete zake huwa zimeharibiwa na baridi, na mashine ya kuzitenga haikuwapo. Nilikunja mkono wa shati papo hapo. Kundi langu la damu lililingana na lake. Kisha daktari akakumbuka kuuliza kama nami ninakunywa aspirini, akaniambia nikunjue shati. Plakete zangu zisingefaa kitu wiki ile. Kaka zangu wawili walipimwa, damu zao hazikulingana na ya dada.

Dada, puani amejazwa pamba, beseni kifuani, alisema kundi lake na la mume wake ni moja. Walipimwa pamoja kabla ya ndoa.

"Mumuite," alisema. Tulipotazamana, akaongeza: "Ao munangojea kyaghanda?"

Nilitoka nje kupiga simu. Nilikuwa nimetayarisha maneno marefu, yenye utangulizi. Nilisema tu, "Shemeji, ni mimi," halafu nikamweleza. Nilingoja anitukane, ingekuwa nafuu.

"Eko muzima?" aliuliza.

"Ndiyo. Bado."

"Basi nakuya."

Barabara ya Beni tunaijua, ina watu wa bunduki. Kuna siku watu huipita wakiwa wamenyamaza toka mwanzo mpaka mwisho, na kuna siku hawaipiti. Kwa saa zile zote nilikaa karibu na dada, nikimwaga beseni na kulirudisha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Shemeji alifika jua likiwa bado juu ya vilima, nywele zimejaa unga wa mbao. Hakusalimu mtu. Alipimwa, akalala, akatoa. Mfuko ulipotundikwa juu ya kitanda cha dada niliona jinsi muuguzi alivyoushika kwa mikono miwili, kama kitu kilichotoka jikoni.

Damu ya pua ilipungua jioni ile, asubuhi ikakoma. Vidonge vikafanya kazi yao polepole. Kila walipompima plakete zilikuwa zimeongezeka, siku moja zikashuka tena, kisha zikapanda.

Wazee waliketi mara ya pili, safari hii kwenye ua wa hospitali. Niliomba msamaha kwa sentensi fupi, ambazo kwangu ni kazi. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hakuja kwa kesi, amekuja kumchukua bibi yake, na kama tumemaliza, gari linangoja.

Gari lenyewe lilikuwa la juu, na dada bado alikuwa mnyonge. Daktari alikuwa amewaonya kwamba kwa muda alama zitaendelea kutokea, hata akishikwa kidogo tu. Nilimwona shemeji akinyoosha mkono kumkamata, akausimamisha hewani. Akageuza kiganja juu, akakiacha hapo, kimetulia kama ubao. Dada akaweka mkono wake juu yake, akajiinua, akapanda.