Nyumba Iliyokuwa Mtoni

Juzi nilimpeleka binti yangu kuanza kidato cha kwanza pale Kilosa, shule niliyosoma mimi, nikaikuta ramani ya wilaya ikining'inia palepale ukutani, ikinuka chaki na unyevu wa mvua.

Mwalimu wetu wa jiografia hakuanza kipindi bila kuandika lengo lake kwenye kona ya ubao. Siku moja aliandika kwamba kila mwanafunzi aweze kuonesha anapoishi. Nikaitafuta nyumba yetu ya Magomeni, mtaa wa hapohapo Kilosa, kwenye ramani, nisiione. Sikujua kwamba ramani ya wilaya haichori nyumba ya kila mtu. Niliamini tu kwamba nimeshafeli. Wenzangu walipotoka kwenda kunywa uji, nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka nukta.

Mwalimu aliporudi akauliza nani kachafua ramani.

Nilisimama. "Ni mimi, mwalimu. Hapo ndipo nyumbani."

Darasa zima likasubiri fimbo. Yeye akaisogelea ramani, akaitazama sana.

"Hapa ni katikati ya Mto Mkondoa," alisema. "Kwenu ni upande gani wa reli?"

Nikamwambia. Akanipa ile kalamu nyekundu.

"Haya, weka tena. Safari hii tafuta pakavu."

Nukta zote mbili bado zipo. Nilimwambia binti yangu kwamba ni nyumba, naye akazikagua kwa kidole.

"Mama, hawa waliokuwa wanakaa mtoni ndio walihamia hapa?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Mwalimu ndiye aliyetuhamisha."