Mrija wa Baba Bella

Kiliba nzima ilimjua Protais kwa kuanguka kwake. Vita ya kwanza ilimkuta akikata miwa. Ya pili ilimkuta akiwatekea askari maji, nao wakimlipa kwa kanyanga, pombe kali inayoteremka kooni kama makaa. Tangu hapo alilala popote usingizi ulipomkamata, na majirani walimruka kama mtu anavyoruka mtaro. Watu wema sana, majirani hao. Hakuna aliyekosa neno la kumcheka, wala chupa ya kumpa ili wamcheke vizuri zaidi.

Kisha gari la waganga wa hospitali likaanza kuja kutoka Uvira kila Jumatano. Wenye gari walijaliwa akili nyingi: waliliegesha mbele ya baa, na ubavuni waliandika kwa herufi kubwa, TIBA YA WALEVI. Wateja wa baa walitoa viti nje ili watazame. Kwa miezi mitano Protais alipanda, akameza kidonge cha kukata hamu ya pombe, akamfungulia mganga Noella mdomo ahakikishe kimemezwa, akashuka.

"Baba Bella, ulishapokea komunyo?" walimwuliza.

Mikono yake ilikuwa imeacha kutetemeka, na hilo halikumchekesha mtu.

Ndipo mapigano yakafunga barabara ya Uvira. Jumatano mbili zikapita bila gari, koo likaanza kukumbuka. Jumamosi wakaja wakwe kutoka Kamanyola kutoa ng'ombe wa mahari ya Bella, binti yake, pamoja na vyungu viwili vya pombe ya mtama.

Desturi haina huruma. Mgeni huonja kwanza, halafu baba wa binti huvuta mrija kabla ya mtu mwingine yeyote. Akikataa, amesema wageni wameleta sumu, na ng'ombe hurudi walikotoka, na bwana harusi nyuma yao.

Bonaventure, msemaji wa wakwe, alionja, akamnyooshea Protais mrija. Protais hakuupokea.

"Baba, iko nini? Sisi tunaroga watu?"

"Hapana. Ni miye. Nikivuta mara moja nitamaliza vyungu vyote viwili, kisha nitauliza kama iko kingine."

Nyandwi, kaka yake, ambaye kwa miaka kumi na minane alimwita mbwa, akamwinamia sikioni. "Vuta kidogo tu. Unatuletea haya."

"Nikilewa, haya. Nikiacha, haya. Mukubwa, weye utafurahi siku gani?"

Bonaventure akasimama, akakung'uta suruali. Nyuma ya pazia Bella alianza kulia. Protais akauona mkono wake mwenyewe ukinyanyuka kuelekea mrija.

Domitille, mkewe, akauwahi mrija. Akapiga magoti kama adabu inavyotaka, kisha akavuta muda mrefu bila adabu yoyote, hadi wazee wakaanza kukohoa.

"Bwana yangu na miye tuko mwili moja," akasema, akipangusa midomo. "Padri ndiye alisema. Ama alidanganya?"

Wakatoliki wote waliokuwepo wakatazama chini. Bonaventure akafikiria kuwarudisha ng'ombe kupitia vizuizi vya askari, ambako wakati wa kuja mmoja alikuwa ameshaliwa. Akaketi.

"Baba amekunywa," akatangaza.

Wakapiga makofi. Miaka kumi na minane Protais alikunywa kweli, na hakuna aliyempigia hata kofi moja. Aliwatazama wakigombania mirija, Nyandwi akiwa wa kwanza, akaomba maji.