Dada Mejumaa, Aliyetufundisha Kukalia Mikono

Siamini bado. Jumanne asubuhi nilikuwa namwandikia dada Mejumaa swali kwa simu ya mama, na kabla sijalituma mama akaniita jikoni akaniambia hayupo tena. Homa ya siku tatu tu! Alizikwa Kinondo alasiri ile ile.

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Swali lile sijalifuta.

Kwa msiomjua: alitengeneza tovuti za hoteli huko Diani, na kila Jumamosi alikuja shuleni kwetu kuifundisha klabu ya kompyuta. Hakuna aliyemlipa. Mimi ni Biasha, katibu wa klabu, na mimi ndiye aliyezoea kumgombeza.

Siku ya kwanza hakugusa kompyuta. Alituuliza, "Kitu gani hapa shuleni kinawatia matatani?" Tukamwambia ni bomba la tangi. Kila jioni lilikutwa likivuja, na kila asubuhi wasichana walifagia uwanja kwa adhabu.

Akaketi kwenye nyasi mapumziko yote akitazama mikono yetu. Kisha akasema, "Bomba hili lafungwa kwa kuzungusha kushoto. Mabomba mengine yote mliyoyashika tangu mzaliwe yafungwa kulia. Nyie hamna kosa."

Akatoa rangi yake nyekundu ya kucha, akachora mshale juu ya bomba. Adhabu zikaisha wiki ile ile. Ijumaa hii nilipokwenda kunywa maji niliona mshale umeanza kubanduka, nikashindwa kunywa.

Mwaka huu tulikuwa tukitengeneza naye ukurasa wa zahanati ya kijijini. Ukishika nafasi yako kwa simu, unakuja saa yako ikifika. Mama yangu alikuwa akitoka nyumbani baada tu ya adhana ya alfajiri, mdogo wangu mgonjwa mgongoni, akisimama foleni hadi jua kali. Kwa hiyo kwangu mimi si kazi ya klabu tu.

Sista mkuu wa zahanati alikubali kwa sharti moja. Wazee watatu ambao hawajawahi kuuona ukurasa waweze kushika nafasi peke yao, bila msaada wowote. Deadline ni Jumatatu. Wasipoweza, anarudi kwenye daftari lake na foleni inabaki.

Jumatatu ni kesho.

Katika majaribio, dada Mejumaa alikuwa na sheria moja: ukishampa mtu simu, unaikalia mikono yako. Kweli kweli, viganja chini ya mapaja, na mdomo umefungwa. "Siku atakayokuwa peke yake nyumbani, kidole chako hakitakuwepo," alisema.

Jaribio la mwanzo kabisa lilikuwa kwa jirani yetu, Mama Salama. Alitazama ukurasa akakunja uso. "Huyu nani ananiuliza umri wangu hata hajaniamkia?"

Basi tukaongeza salamu. Juma lililofuata ukurasa ukafunguka na neno moja, "Shikamoo". Mama Salama akatabasamu, akajibu kwa sauti, "Marahaba, mwanangu!" Kisha akatulia, anangoja. Ameshaitikia, sasa ni zamu ya mwenzake kusema shida yake. Simu ikazima taa.

"Mbona kanyamaza? Amekasirika?" akauliza.

Mimi nilikuwa naumia kwa kicheko. Dada Mejumaa hakucheka hata kidogo, aliandika tu. Tulipofika barabarani ndipo alipocheka mpaka akajishika ukuta. "Biasha, mama wa watu ana adabu kuliko ukurasa wetu!" Kesho yake chini ya salamu kulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani: Marahaba. Hakuna aliyekwama hapo tena.

Mzee wa kwanza kati ya wale watatu akafaulu. Wa pili akafaulu. Wa tatu, Mama Riziki, alifika mwisho kabisa, kidole kikawa kinaelea juu ya kitufe chenyewe, hakishuki. Sikuweza kuvumilia. "Bonyeza hapo, mama!" nikasema, na mkono wangu ukaenda.

"Mikono, wewe!" Dada Mejumaa akafunga daftari. "Umefaulu wewe, si yeye. Tutatafuta mwingine."

Siku tatu baadaye akaanza homa. Kila nikifumba macho naona ule mkono wangu. Laiti ningeukalia, angeondoka kazi yake imekamilika.

Leo nilikwenda matangani. Sista mkuu naye alikuja kutoa pole, akaniambia kwa upole kwamba tarehe ni ile ile. Nikamwambia sina mzee wa tatu. Wote ninaowajua wameshauona ukurasa kwa jirani au kwa mtoto.

Bibi Umazi, bibi yake dada Mejumaa, alikuwa ameketi mkekani karibu yetu. "Mimi sijauona," akasema. "Kila nikimkaribia alikuwa akiificha simu. Nikamuuliza, je, wewe, una mchumba humo? Akaniambia, la, bibi, nakuweka uwe wa mwisho. Wewe ukiweza, Kwale nzima itaweza."

Kisha akaniuliza, "Ni saa ngapi hiyo kesho?"

Dada Mejumaa, naogopa. Naogopa kitufe cha mwisho, naogopa macho ya bibi, lakini zaidi naujua mkono wangu. Wanaklabu na nyote mnaosoma hapa, tuombeeni.

Akikwama, sitamlaumu. Nitaandika alipokwama, kama ulivyokuwa ukiandika wewe. Lakini moyo wangu unaniambia atamwitikia yule wa simuni, kisha ataendelea.

Lala salama, dada Mejumaa. Kesho saa nne nitamwamkia bibi yako, nitampa simu, na mikono yangu nitaikalia mpaka amalize.